Mnasihi Akichelewa Dakika Ishirini

Wengi wanaoacha tiba ya bodalaini, tatizo la haiba lenye hofu kali ya kuachwa, hawaachishwi na usiku mbaya. Usiku mbaya wameuzoea tangu wadogo. Wanaacha siku ya kawaida tu, Jumatano mchana, mnasihi alipochelewa dakika ishirini bila kutuma hata ujumbe, au daktari wa kliniki alipohamishiwa mkoa mwingine na aliyempokea akauliza "Unaitwa nani?" huku faili limelala mezani mbele yake. Mgonjwa anainuka, anasema "sawa", anapanda daladala, harudi tena. Sisi tunaoandika haya tumepita humo Moshi na Arusha, baadhi kwa kutibiwa, baadhi kwa kusindikiza ndugu. Kosa tunalotaka mwingine aepushwe ni hilo: kujiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuachwa.

Tatizo lenyewe wataalamu huliita bodalaini, haiba ya mpakani. Adolph Stern, daktari wa New York, alilitumia jina hilo mwaka 1938 kwa wagonjwa ambao hawakuingia vizuri kwenye kapu la wasiwasi wala la wazimu, na mwaka 1980 likaingia rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Jina ni baya, halimwambii mtu chochote, lakini limeshakaa. Mwongozo huo unataja dalili 9 na kutaka angalau 5: hofu kali ya kuachwa, mahusiano ya kupanda na kushuka, leo mtu ni malaika kesho ni shetani, kutojijua wewe ni nani, kufanya mambo bila breki, iwe pesa, pombe, ngono au chakula, kujidhuru au kutaka kufa, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, utupu usioisha, hasira isiyolingana na kosa, na, mambo yakizidi, kushuku watu au kujiona uko nje ya mwili wako. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inapima kwanza uzito wa tatizo la haiba, ndipo inaongeza kwamba lina sura ya bodalaini. Kwa hiyo usishangae madaktari wawili wakiandika maneno tofauti kwenye faili lako wakimaanisha kitu kilekile.

Mtaani jina hilo hutalisikia. Utasikia "ana hasira za ukoo wao", "anadeka", "ana mapepo", na kwenye maombi utasikia "roho ya kukataliwa". Hili la mwisho, tukiri, ndilo lililokaribia zaidi. Aliyeanza kulisema alikuwa ameangalia vizuri. Shida iko kwenye dawa inayofuata: kufunga siku kadhaa kwa mtu ambaye njaa na kukosa usingizi ndivyo vinavyomlegeza breki. Kuombewa hakuna ubaya. Asifunge chakula, na asiache kliniki.

Chanzo chake watu hukitafuta kwenye ukatili wa utotoni. Utafiti wa kitaifa wa 2009 wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu walifanyiwa ukatili wa kimwili na mtu mzima au mpenzi. Karibu robo walitaja ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima. Sasa, kama robo tatu walipigwa, mbona robo tatu hawana bodalaini?

Jibu lililotusaidia zaidi ni la Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye aliwahi kulazwa kwa kujidhuru akiwa msichana. Yeye anasema vitu viwili hukutana: mtoto aliyezaliwa na hisia za karibu, zinazowaka haraka na kuchelewa kupoa, na mazingira yanayomwambia kila siku kwamba anachohisi hakipo. Mtoto wa miaka sita analia kwa sababu jogoo aliyemfuga amechinjwa kwa ajili ya wageni. Anaambiwa, "Nyamaza, la sivyo nitakupa cha kukuliza." Akilia kidogo hakuna anayegeuka. Akijitupa chini na kupiga kichwa ukutani, hapo ndipo anabebwa. Akifanyiwa hivyo miaka kumi atakuwa amejifunza mambo mawili kwa usahihi kabisa: hisia zake ni uongo, na kilio kidogo hakisikiwi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliunganisha tafiti nyingi na kukuta kwamba wenye bodalaini walikuwa na uwezekano wa karibu mara 14 zaidi ya watu wasio na ugonjwa wa akili kueleza kwamba waliteswa au kutelekezwa utotoni. Kilichojitokeza kwa uzito mkubwa kuliko vyote kilikuwa ukatili wa kihisia, kisha kutojaliwa kihisia. Fimbo inaonekana na jirani. "Bora ungekufa wewe akabaki ndugu yako" haiachi alama mgongoni. Hata hivyo ni asilimia 71 hivi walioeleza angalau tukio moja la namna hiyo. Waliobaki hawakueleza lolote. Urithi nao una sehemu yake. Tunalisema hili kwa ajili ya akina mama wanaokaa nje ya chumba cha kliniki wakisubiri kuhukumiwa: kuna nyumba zisizo na ukatili zilizopata mtoto mwenye tatizo hili, na mama anayeingia akijitetea hamsaidii mtu, kama vile binti anayekataa katakata kwamba alionewa ("tulipigwa wote, mbona wenzangu wazima") asivyomsaidia daktari.

Kuhusu kushikamana na mlezi, watu wa huku tuna sababu ya kuijua historia yake. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, kabla ya jaribio lake maarufu la Baltimore la kuangalia mtoto anavyofanya mama akitoka chumbani na kurudi, aliangalia watoto na mama zao Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Walikuwa mama 26 na watoto 28. Watoto wale walikuwa na mashangazi, bibi na dada wa kuwabeba, na hilo halikuwazuia kushikamana na mama kwa usalama. Kilichotofautisha ni mlezi kumwona mtoto na kumjibu. Kwa hiyo kulelewa na bibi Kibosho au Rombo wakati wazazi wanatafuta maisha mjini si jeraha kwa lenyewe, na mara nyingi yule bibi ndiye mtu pekee ambaye mgonjwa anamtaja bila sauti kubadilika. Jeraha huja pale mtoto anapohamishwa kwa shangazi bila kuambiwa, kisha kwa baba mdogo, kisha kurudishwa, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Au pale anayetakiwa kumtuliza ndiye anayemtisha. Watafiti Mary Main na Judith Solomon waliwaeleza watoto wa namna hiyo miaka ya 1980, kwa jaribio hilohilo: mama akirudi, mtoto anamwendea huku amegeuza uso, au anaganda katikati ya chumba. Ukubwani kuganda kule kunakuwa "njoo, toka, njoo" kwa mchumba, kwa bosi, na kwa mnasihi.

Tuingie hospitali.

Watu wengi huanzia zahanati kwa mapigo ya moyo au tumbo, wanapewa dawa za vidonda, na miezi inapita. Kliniki ya afya ya akili iko hospitali ya rufaa ya mkoa: Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha, KCMC, hospitali ya kanda iliyoko Moshi, nayo ina idara ya magonjwa ya akili. Piga simu au pita mapokezi kwanza uulize siku za kliniki na bima gani inapokelewa. Ukifika siku isiyo yake utarudishwa, na kwa mtu wa tatizo hili kurudishwa getini kunaweza kuwa mwisho wa safari.

Ndani utapata dakika chache. Andika ukurasa mmoja wa daftari kabla ya kwenda, maana ukianza kusimulia tangu darasa la pili utalia na muda utaisha. Uandike nini? Mambo matatu ya mwezi huu yenye tarehe na saa. Usiandike "nina hasira". Andika "Jumanne saa 11 jioni nilivunja simu baada ya dada kusema nimenenepa, saa 1 usiku nilikuwa nacheka naye". Kisha idadi ya mara ulizojidhuru miezi mitatu iliyopita. Kisha dawa zote, pamoja na za kienyeji. Mwishoni andika mstari mmoja kuhusu utoto, mmoja tu, kwa mfano "nililelewa nyumba nne kabla ya miaka 12, kwenye moja nilifanyiwa ukatili". Maelezo yatasubiri.

Zile saa ni muhimu kuliko unavyodhani. Kosa la kawaida la utambuzi ni kuandikiwa baipola, ugonjwa wa vipindi vya furaha kali na vya sonona. Furaha kali ya baipola huhesabiwa kwa siku: wiki nzima kwa ile nzito, siku nne kwa ile nyepesi, na sonona yake wiki mbili. Ya bodalaini huenda kwa saa, na karibu kila mara kuna mtu nyuma yake: aliyechelewa, aliyekemea, asiyejibu. Mgonjwa akisema tu "hisia zangu zinapanda na kushuka", daktari mwenye foleni ya watu arobaini ataandika baipola, na hatutamlaumu sana. Mtu anaweza pia kuwa na vyote viwili, au bodalaini pamoja na sonona, kwa hiyo usiende kubishana na jina, peleka saa.

Kuhusu dawa tutasema wazi: hakuna inayotibu bodalaini yenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa 2009 unashauri zisitumike mahususi kwa tatizo hili wala kwa dalili zake moja moja. Dawa hutibu kinachoambatana nalo, kama sonona. Ukipewa, uliza ni ya nini, utaijuaje kama imefanya kazi, na itapimwa tena lini. Wagonjwa waliotoka na aina nne za vidonge baada ya mwaka kwa kawaida hawakuwahi kuuliza swali la tatu. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, inaweza kulegeza breki kwa mtu ambaye breki ndiyo shida yake. Amitriptilini, dawa ya sonona, ni hatari sana ikizidishwa, kwa hiyo omba ya wiki moja badala ya mwezi, na ikae kwa ndugu. Nyumba zenye shamba zifungie na sumu za kahawa na mahindi kwa kufuli, ufunguo usikae juu ya kabati la vyombo ambalo kila mtu analijua. Na usikatishe dawa ghafla kwa sababu umesoma haya.

Tiba yenyewe ni mazungumzo yenye mpangilio. Ya Linehan, ambayo jaribio lake la kwanza lilichapishwa 1991, ina vipande vinne: kikao cha mtu mmoja kila wiki, darasa la stadi la saa mbili na nusu kila wiki, simu ya msaada kati ya vikao, na kikundi cha watabibu wanaosaidiana ili wasichoke. Kwa kawaida ni mwaka mzima. Usitegemee kuikuta yote imekamilika Majengo au Kijenge. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwaka 2009 jaribio la Kanada lenye wagonjwa 180 liliilinganisha na huduma ya kawaida ya daktari wa akili iliyopangwa vizuri, na baada ya mwaka pande zote mbili zilipata nafuu karibu sawa. Kwa hiyo tafuta mpangilio. Mnasihi wa hospitali, mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii anayekuona kila wiki saa ileile kwa mwaka ana thamani kuliko bingwa unayemwona mara mbili.

Kabla ya kuanza muulize kama amewahi kukaa na mtu anayejidhuru, anafanya nini mgonjwa akimkasirikia, na kama ana mtu anayemshauri yeye. Anayejibu la pili kwa "kwangu hawakasiriki" mshukuru, uendelee kutafuta. Padri au mchungaji anaweza kuwa msaada mkubwa pembeni, ila anayejua siri za ukoo mzima asiwe ndiye mnasihi wako.

Gharama zipige hesabu kwa mwaka. Kama nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000, vikao 48 ni 96,000, kabla ya ada na kabla ya mauzo unayokosa ukifunga meza. Mwenye kibanda ambaye hakuhesabu hilo ataanza kukosa mwezi wa tatu na kusema "nimepona". Kikao cha kila wiki mbili kinachofika mwisho wa mwaka ni bora. Sema hivyo mapema, bila aibu.

Wiki ya kwanza na ya pili zitumike kuandika mambo mawili. La kwanza ni karatasi ya usiku: dalili zako za mwanzo kabisa, unachofanya peke yako, mahali au mtu wa kukupotezea mawazo bila kumwambia lolote, mtu wa kumwambia ukweli, namba ya mnasihi na hospitali, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari. Sita. Ikunjwe ikae nyuma ya simu, kwa sababu saa 5 usiku hakuna anayekumbuka kitu. Kwenye "unachofanya peke yako" maji baridi yanafanya kazi haraka kuliko ushauri wowote: bana pumzi, ingiza uso kwenye beseni hadi juu ya nyusi, hesabu hadi 30, rudia. Yawe baridi lakini si chini ya nyuzi 10. Maji ya bomba ya Moshi usiku yanatosha, na Arusha mwezi wa saba ndiyo kabisa. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo au mwenye tatizo la kutokula asifanye hivyo bila daktari. Yeye apumue: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika tano.

La pili ni makubaliano, na hapo ndipo tunaporudi kwenye zile dakika ishirini. Mnasihi akichelewa zaidi ya dakika kumi na tano anatuma ujumbe. Akiahirisha, ujumbe huohuo unabeba tarehe mpya. Likizo inatajwa wiki nne kabla. Simu inapokelewa saa fulani hadi saa fulani, kwa dakika kumi, kabla ya kujidhuru. Katika utaratibu wa Linehan, ukishajidhuru unasubiri saa 24 kabla ya kumpigia mnasihi kwa mazungumzo, ili jeraha lisigeuke kuwa njia ya kumpata. Jeraha lenyewe linatibiwa hospitali saa hiyohiyo. Ukikosa vikao vinne mfululizo, nafasi inafungwa. Ni masharti makali, lakini kwa mtu aliyekulia nyumba ambayo adhabu ilitegemea baba ameamkaje, sharti linalojulikana ni pumziko.

Kazi kubwa ya miezi ya mwanzo hufanyika kwenye daftari. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 24 anayeuza mitumba soko la Memorial na kuishi Pasua, mjini Moshi. Jumapili saa 2:10 usiku anamwandikia mchumba: "Umefika?" Saa 2:14 tiki zinakuwa za bluu. Hakuna jibu. Saa 2:20 kifua kimebana, na sentensi inapita kichwani: ameshachoka. Saa 2:31 ameshapiga mara kumi na moja, haipatikani. Saa 2:50 anaandika, "Usinitafute tena, nimekujua." Saa 3:05 anajidhuru. Saa 3:40 mchumba anapiga kwa simu ya jirani: ya kwake ilizima chaji akiwa ameanza kujibu.

Kesho yake, kabla ya saa 24 kupita, anaandika kila pete ya mnyororo huo kwa mistari: kilichotokea, mwili ulihisi nini, aliwaza nini, alifanya nini. Juu kabisa anaandika yaliyomfanya awe dhaifu siku ile: hajala tangu saa 4 asubuhi, usiku amelala kwa muda wa saa nne tu, na Jumamosi alizungumza na mama yake. Wanaoanza hutaka kukata pete ya 3:05, kwa nguvu, kwa nadhiri, "sitarudia tena wallahi". Haikatiki pale. Ile ya 2:20 ndiyo nyembamba, kwa kuwa pale bado ni sentensi tu. Anaandika mbele yake: "Najua nini, na ninadhani nini?" Anachojua ni kwamba ujumbe umesomwa. Mengine yote ni dhana. Beseni la maji liwekwe saa 2:20, simu ikae kwa mwenye nyumba hadi saa 3. Pete yenye aibu kubwa ndiyo watu huiruka wakiandika, kwa mfano kwamba baada ya kujidhuru alipiga picha akamtumia. Mnasihi mzuri ataiona kwa pengo la saa, na atauliza bila kukunja uso.

Ndugu mnaokimbiza mtu hospitali baada ya tukio: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ndiyo sababu familia nyingi hufika zikisema "ameanguka" au "amekula kitu kibaya". Daktari anayedanganywa anatibu kitu kingine. Mwambieni alichomeza, kiasi gani, saa ngapi, na bebeni pakiti yake.

Basi, mnasihi amechelewa, na mara hii hata ujumbe hakutuma. Umekaa benchi ya nje, saa 8:20. Dakika kumi za mwanzo ulikuwa na wasiwasi, kumi za pili umeshapoa kabisa, humtaki tena, unamwona alivyo mbaya na kiatu chake. Kule kupoa ndiko hatari yenyewe, kunajifanya amani. Usiondoke. Akifungua mlango utataka kusema "hamna shida". Sema hivi: "Dada, uliponichelewesha nilijua umenichoka, na nilitaka nisirudi." Kisha mwangalie anafanya nini. Akisema "jifunze uvumilivu, na mimi nina majukumu", ameshindwa. Akiomba radhi mara tano na kukuongezea saa nzima bure, ameshindwa pia, kwa njia tamu. Unachotafuta ni kitu kama "Ni kosa langu, nilipaswa kutuma ujumbe. Zile dakika ishirini zilikuwaje kwako?" Kikao hicho, ambacho ungekikimbia, huwa ndicho chenye kazi kuliko vyote vya mwaka: mtu amekukosea, umemwambia, hamjaachana. Kwa wengi ni mara ya kwanza.

Kwa daktari wa hospitali ya serikali weka tahadhari nyingine, kwa kuwa kuhamishwa kwake hakutegemei yeye wala wewe. Kila baada ya miezi mitatu omba muhtasari wa ukurasa mmoja: utambuzi, dawa na dozi zake, kilichosaidia, kilichodhuru. Piga picha. Daktari mpya akiuliza jina, mpe karatasi.

Halafu Desemba. Wachaga tunajua: kuanzia tarehe 20 barabara ya Himo imejaa, kila mtu anapanda mlimani, na kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, anakaa aliyeumiza na aliyeumizwa, wanachangia sahani ya ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa. Panga mwezi wa kumi, usisubiri mbuzi aanze kuokwa. Nani atakuwepo? Utalala nyumba gani? Siku mbili zinatosha badala ya kumi. Namba ya bodaboda wa kukushusha barabarani usiku iwe tayari, na nauli yake itengwe mfuko tofauti. Mbege, pombe yetu ya ndizi, uamue vikombe kabla ya kuondoka mjini, au usinywe. Sentensi ya kuondokea ifanyie mazoezi kwa sauti: "Shikamoo shangazi, leo nitalala kwa mama mdogo, kesho nitakuja kuwasalimu." Bila maelezo.

Kuna mzee atakayekuita pembeni akuambie usamehe saba mara sabini. Msikilize, mwitikie, usibishane naye uwanjani. Msamaha ukija utakuja kwa saa yake, na hauna sharti la kulala chumba cha jirani na mtu huyo. Usimkabili mtesi siku ya Krismasi. Ukoo uliokunywa utachagua amani, na amani yao itakuwa wewe kunyamaza. Isipokuwa jambo moja halisubiri ujisikie tayari: kama kuna mtoto anayeishi naye sasa. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huhitaji kusimulia yako ili kuripoti ya mtoto.

Ndugu na wachumba hatuna mengi ya kuwaambia, lakini hili moja lifanyeni. Msianze na "unakuza mambo". Anzeni na kile ambacho ni kweli: "Naona umeogopa sana." Hamjakubali kwamba mmemtupa, mmekubali kwamba ameogopa. Ndipo mseme saa mtakayorudi, na mrudi saa hiyo. Ahadi ya dakika tano inayotimia inazidi ile ya "sitakuacha milele".

Nafuu haiji kwa mpangilio ambao watu wanausubiri. Kujidhuru na vurugu hupungua kwanza. Utupu na hofu ya kuachwa hukaa muda mrefu zaidi. Mary Zanarini na wenzake karibu na Boston waliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepata angalau miaka miwili bila kufikisha vigezo vya ugonjwa. Walioweza pia kufanya kazi vizuri na kuwa na mahusiano mazuri walikuwa nusu hivi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo sababu mwaka wa pili uelekee kazini: kibanda, ufundi, kwaya, chochote chenye saa na watu wanaokutegemea ufike.

Kumaliza vikao kupangwe miezi mitatu kabla. Kutoka kila wiki kwenda kila wiki mbili, kisha kila mwezi, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye daftari. Dalili zikirudi katika wiki hizo, msiongeze vikao kwa hofu. Zichambueni kwa mnyororo uleule. Wengi hukikwepa kikao cha mwisho kabisa, wanaumwa ghafla, wanapata msiba wa mbali, kwa sababu kukikosa ni namna ya kuwa wa kwanza kuondoka. Mwambie ndugu mmoja tarehe hiyo wiki moja kabla, akusindikize mpaka benchi ya nje, na akae hapo mpaka utoke.